Scrivener: nimeitumia miezi mitano kurudia mswada niliouacha 2011, haya ndo niliyoyaona

Nianze na mswada wenyewe kabla sijafika kwenye programu, maana watu wengi wakiisifia au wakiiponda Scrivener wanaongelea kuandika kitabu kipya, mimi sikuwa na kitabu kipya, nilikuwa na riwaya iliyokwama miaka na miaka. Mwaka 2011 niliandika sura 14, maneno kama elfu 61 hivi, halafu nikaacha, tena niliacha katikati ya sentensi kabisa, mstari wa mwisho unasema "akamgeukia na" basi, hamna kitu chini yake. Niliacha kwa sababu rafiki yangu mmoja ninayemwamini alisoma zile sura zote akaniambia kaka, unaandika vizuri ila huyu Jabali wako hafanyi kitu. Jabali ndo mhusika mkuu. Sikumjibu, nikafunga faili, na kuanzia siku hiyo kila nikibadilisha kompyuta lile faili linahama na mimi, nalikopi, nahakikisha limeingia, ila silifungui.

Nilishajaribu kurudi mara mbili, 2014 na 2018, zote kwenye Word, na mara zote mbili nilikwama sura ya tatu. Sa hivi ndo naelewa kwa nini. Faili moja refu la kurasa mia mbili na kitu linakuvuta uanzie juu, unafungua, unaona sentensi ya kwanza haijakaa sawa, unairekebisha, unashuka ya pili, unabadilisha neno, unarudi tena ya kwanza, mwezi unaisha uko ukurasa wa 30 umechoka na hujui kama huko mbele kuna kitu cha maana au hakuna. Ni kama kupiga pasi nguo ambayo hata hujaipima kama bado inakutosha.

Kwa wasioijua, Scrivener ni programu ya kuandikia kazi ndefu, imetengenezwa na Keith Blount, mtu ambaye alikuwa anataka kuandika riwaya yake akakosa programu inayoendana na anavyofikiri, akaamua kujifunza kuprogramu akaitengeneza mwenyewe, kampuni yake inaitwa Literature & Latte. Ilitoka kwa Mac 2007, Windows ikafuata 2011, iPhone na iPad 2016. Mimi natumia toleo la 3, ambalo Mac walilipata 2017 na Windows wakaja kulipata 2021. Unanunua mara moja, sio ya kulipia kila mwezi, na majaribio yake ni siku 30 za kutumia kweli, yaani wanahesabu siku ulizoifungua tu, ukiifungua siku mbili kwa wiki unakaa nayo wiki 15 bila kulipa chochote. Kwa mtu anayeandika wikendi muda huo unatosha kabisa kuvunja mswada na kujua kama una uhai au hauna.

Nimesema kuvunja na ndo neno lenyewe. Kuna kitu kwenye menyu kinaitwa Import and Split, unaipa faili lako na unaiambia alama ya kukatia, kwa kawaida ni #, kila inapoikuta inakata na kutengeneza kipande kipya. Kwa hiyo nilikopi lile faili la zamani, nikawa napita kwenye kopi naweka # kila tukio linapoishia. Jioni mbili nzima. Na nilijiwekea sharti moja, hakuna kugusa neno, hata herufi iliyokosewa naiacha, kazi yangu ni kuweka # tu. Aisee hapo ndo kwa mara ya kwanza tangu 2011 nilisoma mswada wangu mpaka mwisho. Sijawahi kuusoma hivo, kwa sababu mkono ulikuwa na kazi nyingine ya kufanya na ile tabia ya kurekebisha ikakosa nafasi. Kuna mahali niliona aibu mpaka nikasimama nikazunguka chumba, kuna mahali niliguswa kweli, ila nilifika mwisho, mpaka pale kwenye "akamgeukia na".

Nikaingiza, sura 14 zikawa vipande 83. Vinakaa kushoto kwenye orodha wanayoiita Binder, unaviburuta juu chini unavyotaka, ukichagua vitatu vya mbali mbali inavisomesha kama andiko moja. Kila kipande kina kadi yake, na ukibadilisha mwonekano unaziona kadi zote zimepangwa kwenye ubao kama mtu aliyezibandika ukutani. Kwenye kila kadi kuna nafasi ya kuandika kinachotokea kwenye hicho kipande. Nikajiambia sentensi moja tu kwa kila kadi, nani anafanya nini.

Hapa ndo pesa yangu ilirudi, sitanii. Kadi 22 nilishindwa kuziandika. Nasoma kipande kurasa tatu, nne, narudi kwenye kadi, siwezi kusema kinachotokea. Jabali anatembea anawaza. Jabali amekaa dirishani anakumbuka. Jabali hawezi kulala. Zote 22 ni Jabali akiwa peke yake, hakuna hata moja yenye mtu wa pili ndani yake. Rafiki yangu aliniambia hili kwa sentensi moja mwaka 2011 na nililichukulia kama ameniambia sina kipaji, kumbe alikuwa ananionyesha kadi 22 ambazo sikuwa na macho ya kuziona. Nilimpigia simu usiku ule ule nikamwambia ndugu yangu ulikuwa sahihi, akakaa kimya kidogo akauliza sahihi kuhusu nini? Alishasahau kabisa.

Baada ya hapo nikatumia rangi. Programu ina lebo za rangi na unaweza kuzibadilisha majina, mimi niliweka kijani ni kipande kilicho hai, njano bado sina uhakika, nyekundu kimeshakufa. Sikufikiria sana, nasoma, naweka rangi, naenda kingine. Mwisho wake kijani 19, njano 24, nyekundu 40. Nikatazama ubao. Vile vya kijani havikuwa vya Jabali hata kidogo, vingi vilikuwa vya fundi saa.

Huyu fundi saa hata jina sikumpa. Nilimweka sura ya pili kwa sababu Jabali alihitaji mahali pa kusubiria mvua ikatike, nikamwandikia kibanda na taa ya mezani, nikaendelea na safari yangu. Ila kumbe alikuwa anarudi rudi. Nikaandika "fundi saa" kwenye kisanduku cha kutafutia, vikaja vipande 13, na 11 kati ya hivyo nilishavipaka kijani. Programu inakuruhusu kuseivu utafutaji kama mkusanyiko unaokaa pembeni ya Binder bila kuhamisha kitu mahali pake, nikauseivu, nikavisoma vile 13 kwa kufuatana kama kitabu kidogo. Kuna pale analetewa saa ya mkononi iliyosimama, haifungui, kwanza anaiweka sikioni, anafumba macho, mwenye saa anamwambia mzee si nimekwambia haifanyi kazi, yeye anainua kidole kumnyamazisha na kuendelea kusikiliza. Nilikuwa sikumbuki kabisa kwamba niliandika hivo. Nilikaa na hicho kipande muda mrefu, kwa sababu Jabali ana kurasa mia na kitu za mawazo na hakuna hata moja inayonifanya nimjue kama ninavyomjua huyu mzee kwa kidole kile kimoja.

Na hili si la kwangu tu. Harper Lee, mwandishi wa riwaya wa Marekani, alipopeleka mswada wake kwa wachapishaji J.B. Lippincott mwaka 1957, mhariri wake Tay Hohoff aliona kwamba uhai uko kwenye zile sehemu ambazo mhusika anakumbuka utoto wake, sio kwenye hadithi yenyewe ya ukubwani. Lee akaanza upya akasimulia kutoka kwenye utoto ule, akahangaika nayo zaidi ya miaka miwili, 1960 kikatoka To Kill a Mockingbird. Ule mswada wa kwanza ulikuja kuchapishwa kama kitabu kinachojitegemea 2015, Go Set a Watchman, na ukivisoma vyote viwili unaona kabisa kwamba hakurekebisha cha kwanza, alikiacha akaondoka na kile kilichokuwa kinapumua ndani yake. Yeye alikuwa na mhariri wa kumwonyesha. Mimi nilikuwa na kadi na rangi.

Sasa nije kwenye Snapshot, maana ndo sababu ya pili ya mimi kulipia baada ya majaribio kuisha. Ukibonyeza Ctrl na 5 (kwa Mac ni Cmd na 5) inapiga picha ya kipande hicho kilivyo muda huo na kuiweka pembeni, unaweza kuipa jina, halafu unaandika unachotaka, ukata, ufute, ugeuze, na ile ya zamani ipo pale pale kwenye paneli ya kulia. Unaweza kulinganisha, inakuonyesha kilichoongezwa na kilichotolewa. Ukitaka kurudi nyuma inakuuliza kwanza kama uipige picha na hii ya sasa isije ikapotea. Inasikika kitu kidogo ila kwa mtu anayegusa mswada wa zamani ni kikubwa mno, kwa sababu nusu ya woga wangu miaka yote hii ilikuwa ni kwamba nikianza kurekebisha nitamfuta yule kijana aliyeandika 2011, na alikuwa na vitu ambavyo mimi wa leo sina.

Mfano. Kuna sentensi ya zamani inasema "Jua lilizama kwa madaha kama bibi harusi anayeingia ndani ya shela la mawingu mekundu." Hiyo nimeitoa na sijaililia, sa hivi pale pameandikwa "Giza liliingia" na hadithi inaendelea. Lakini kwenye kipande cha fundi saa kulikuwa na hii: "Saa haiharibiki, inachoka." Mimi kwa ujuzi wangu wa sasa nikaibadilisha, nikamfanya mzee aeleze vizuri kuhusu springi na vumbi na mafuta yanavyoganda, nikaona nimemfanya awe fundi wa kweli. Wiki mbili baadaye nikafungua Snapshot nikalinganisha. Maneno matatu ya zamani, maneno hamsini ya kwangu, na yale matatu ndo yalikuwa mzee anaongea. Nikayarudisha kama yalivyo. Bila ile picha nisingeyakumbuka, nilishayafuta na kichwani pia yalishafutika.

Kuandika kwenyewe nafanya kwa skrini iliyogawanywa mara mbili, kushoto kipande cha zamani, kulia kipande kitupu. Sihariri, naandika upya kwa kuangalia. Ukihariri unaacha vitu kwa sababu tu viko pale, ukiandika upya mkono unakataa wenyewe kurudia sentensi mbovu, unaona uvivu kuinakili. Hili halihitaji programu yoyote, hata daftari na karatasi iliyoprintiwa vinatosha, ila kuwa navyo sehemu moja kumenisaidia niende haraka. Vile 40 vyekundu havijafutwa, viko kwenye folda niliyoiita Mabaki nje ya folda ya mswada, havihesabiwi kwenye idadi ya maneno lakini vikitafutwa vinaonekana. Nimeshachomoa humo jina la mtaa na mlango mmoja usiofungika vizuri.

Mapungufu yapo na ni vizuri uyajue mapema. Kubwa kuliko yote ni Compile, sehemu ya kutolea andiko lote kama faili moja la Word au PDF. Ina mipangilio mingi sana, fomati ndani ya fomati, na kama unachotaka ni mswada mweupe wa kawaida wa kumpelekea mtu asome, utaona ni safari ndefu kwa kitu kidogo. Ushauri wangu chagua moja ya fomati zilizokuja nayo, usiguse kitu, toa kama Word, malizia urembo huko Word. Android hawana, kwa hiyo kama simu yako sio iPhone sahau kuandika ukiwa njiani kwa programu yenyewe. Menyu hazina Kiswahili, na kikagua tahajia ukikiacha kwenye Kiingereza kila neno lako linapigwa mstari mwekundu, ukurasa mzima unaonekana una ugonjwa, kizime mara moja. Leseni ya Mac na ya Windows ni vitu viwili tofauti, angalia unalipia ipi. Na kama una kompyuta mbili unahifadhi mradi kwenye wingu, hakikisha umeufunga huku kabla hujaufungua kule, maana mradi wa Scrivener sio faili moja kama la Word, ni folda yenye faili nyingi nyingi ndogo ndani yake, zikichanganyana ni shida.

Ila hiyo folda ina uzuri wake pia, maandiko yako yamo humo kama faili za aina ya RTF, hata kesho ukiamua kuachana na programu bado yanafunguka kwenye Word au LibreOffice. Kwangu mimi hili lilikuwa muhimu, nilishakaa na faili moja miaka mingi na najua ladha ya kuogopa halitafunguka. Inaseivu yenyewe ukiacha kuandika sekunde mbili tu, na ukifunga mradi inatengeneza kopi ya akiba kwenye folda nyingine. Na hapo pia usitegemee peke yake, weka kopi nje ya hiyo kompyuta. Chinua Achebe mwaka 1957 alituma mswada wake wa Things Fall Apart kwa posta kwenda kwa kampuni ya kupiga taipu huko London, ulikuwa umeandikwa kwa mkono na hakuwa na kopi nyingine, wakapokea hela wakakaa kimya miezi na miezi, mpaka mkuu wake wa kazi alipokwenda likizo Uingereza akaingia ofisini kwao kuudai. Kilitoka 1958. Kila nikikumbuka hiyo miezi ya kusubiri naamka kwenda kuangalia kopi zangu. Na huyo huyo Achebe mwanzoni alibeba vizazi vitatu ndani ya andiko moja, akaona limekuwa jepesi, akakata akabaki na kizazi cha kwanza tu, sehemu nyingine ikaja kuwa No Longer at Ease mwaka 1960. Naye alivunja.

Kitu kimoja cha nyongeza ambacho sio cha Scrivener lakini kimekuwa sehemu ya kazi. Nikimaliza sura naitoa PDF, naifungua kwenye Microsoft Edge, nabonyeza Read Aloud, na pale kwenye sauti kuna za Kiswahili, Rehema na Daudi wa Tanzania, Zuri na Rafiki wa Kenya. Inahitaji intaneti. Sikia andiko lako likisomwa na mtu asiyekujua wala kukuonea huruma, sentensi ndefu isiyo na pumzi unaisikia inavyosota, na neno ulilolirudia mara tatu kwenye aya moja linakugonga sikio mara tatu. Naweka Daudi kwa fundi saa.

Je inafaa kwa kila mtu? Kama unaandika hadithi fupi, hapana, ni mzigo bure. Kama uko Windows na hela ni tatizo kuna yWriter, ni ya bure, imetengenezwa na Simon Haynes ambaye naye ni mwandishi wa riwaya, inavunja sura kuwa matukio vile vile ila haina raha ya macho. Na kama una nidhamu unaweza kuvunja mswada kwenye folda ya kawaida, kila tukio faili lake, utakosa ubao na picha za akiba tu. Ila kama una mswada mrefu ulioutupa na ukiukumbuka kifua kinakubana, hii ningekushauri uijaribu, na zile siku 30 za majaribio usiziguse mpaka umeshamaliza kuweka alama zako za #, hiyo kazi fanya kwenye Word ili usipoteze siku bure.

Mimi sa hivi nina sura tano mpya, maneno kama elfu 18, mengi ni mapya kabisa. Jabali bado yumo, ila anaingia ukurasa wa tisa akiwa analoa na mvua, na ndo yeye anayemwambia mzee si nimekwambia haifanyi kazi. Ile sentensi ya "akamgeukia na" nimeiacha kwenye Mabaki kama ilivyo, sijaimalizia, na kila mara nikiifungua naipiga Snapshot hata kama sijabadilisha kitu.